Pasheni ikiwa nyepesi, mtafute nyuki

Sokoni utamkuta mama wa makamo mbele ya fungu la pasheni. Anainua moja, anaipima kiganjani, anairudisha, anachukua nyingine. Muuzaji anakunja uso: "Mama, zote hizo zimeiva, usinichagulie." Mama hamjibu. Hatafuti iliyoiva, anatafuta nzito. Anajua kuwa pasheni mbili zinaweza kulingana ukubwa na rangi, lakini ukizipasua, moja inamwaga juisi hadi mezani, nyingine ni ganda tupu lenye kijiko kimoja cha mbegu zilizojibanza pembeni kama wageni wasiojuana.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa mbegu mbaya, udongo umechoka, mbolea za siku hizi. Huenda. Lakini mara nyingi kosa limefanyika miezi miwili kabla, tena mchana mmoja tu. Kila mbegu ya pasheni imevikwa kifuko chake cha juisi, na kila mbegu ilianzia kwenye chembe yake ya chavua. Pasipo chavua hakuna mbegu, na pasipo mbegu hakuna kifuko. Tunda lililojaa sawasawa laweza kuwa na mbegu zaidi ya 200, maana yake ua lake lilifikiwa na chembe zaidi ya 200 za chavua katika siku ileile lilipochanua. Ua la pasheni halina siku ya pili.

Haya niliyajua kwa aibu. Mpasheni wangu wa kwanza niliupandisha kwenye senyenge ya uani, Tanga, kutokana na mbegu nilizozitema mwenyewe kwenye sahani. Ulikuwa wa manjano, unaopenda joto la pwani. Ule wa zambarau tuwaachie wenzetu wa Lushoto na Uluguru na baridi yao. Mwaka wa pili ulifunika senyenge yote, ukatoa maua hata wapita njia wakasimama. Tunda sikupata hata moja. Nikatia samadi, nikatia majivu, nikamwagilia asubuhi na jioni. Nilikuwa nimeshanoa panga, bibi wa nyumba ya pili aliponiuliza: "Mwanangu, huo mche uko peke yake?"

Ulikuwa peke yake, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Pasheni ya manjano huikataa chavua yake yenyewe. Maua elfu ya mche mmoja ni ndugu wa tumbo moja, hawaoani. Hata ukikata kipande cha mche huohuo ukakichomeka upande wa pili wa senyenge, bado ni uleule. Unahitaji mche wa pili uliotoka kwenye mbegu nyingine. Ile ya zambarau haina makuu hayo, yaweza kujizalia yenyewe, ila nayo chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Zote mbili zinangoja mchukuzi.

Kosa langu la pili lilikuwa la saa. Asubuhi nilikuwa nakwenda kukagua maua na kuyakuta yamefumba, nikidhani yana ugonjwa. Kumbe ya manjano hufunguka karibu na adhuhuri na kufumba usiku, kama saa tatu au saa nne. Ya zambarau huamka alfajiri na kufunga mlango kabla ya mchana. Ndiyo maana nikimwona mtu anapuliza dawa ya wadudu kwenye pasheni ya manjano saa nane mchana, roho huniuma: amechagua saa ileile mkunga alipoingia chumbani.

Sasa keti karibu na ua moja baada ya adhuhuri, ulitazame. Chini kuna duara la nyuzi za zambarau na nyeupe; katikati pamesimama kijiti. Kwenye kijiti kuna vifuko vitano vya chavua vilivyogeuza uso chini, na juu yake vichwa vitatu vya kike vikitazama mbinguni. Wamisionari wa Kihispania waliolikuta ua hili Amerika ya Kusini waliona humo taji la miiba, madonda matano na misumari mitatu, wakalipa jina la Mateso ya Kristo. Neno letu "pasheni" limetoka huko, halina uhusiano na mahaba, hata wauza manukato wakisema nini. Mkongo na Mrundi wanaoliita marakuja wamebaki na jina la huko lilikotoka.

Lakini mimi kinachonipendeza ni vile vichwa vitatu. Ua likifunguka vinakuwa vimeinuka juu, mbali na chavua. Kisha vinaanza kuinama. Hutaona vikienda, kama usivyouona mshale wa saa ukienda, ila ukirudi baada ya saa moja utakuta vimeshuka hadi usawa wa vifuko vya chavua, juu kidogo ya zile nyuzi. Dari imeshushwa. Mgeni yeyote mnene atakayepita chini yake kufuata asali atasuguliwa mgongo mara mbili: chavua imwangukie, na ile aliyokuja nayo ichukuliwe. Maua mengine hayainamishi vichwa kabisa, na hayo usiyasubiri, hayatoi tunda.

Mgeni huyo si nyuki wa asali, ingawa ndiye tunayemsifia kila kitu. Kwa pasheni ya manjano yeye ni mdogo mno. Anapanda juu ya vifuko, anajaza miguu chavua, anaondoka bila kugusa kichwa hata kimoja. Wakulima wa Brazili, kitovu cha kilimo hiki duniani, humhesabu kuwa mwizi. Mwenye kimo kinachofaa ni nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki ya mbali na kutoboa boriti kwa tundu la mviringo kama lililopigwa keekee. Asali ya ua imefunikwa kwa kifuniko, naye ana nguvu za kukisukuma.

Na huyu ndiye tunayemfukuza. Fundi aliyekuja kutengeneza baraza langu aliyaona matundu manne kwenye boriti, akataka kuyaziba kwa simenti na kupuliza dawa. Nyuki seremala hali mbao kama mchwa. Anaitoboa tu awe na chumba cha kulea, na unga wa mbao anautema. Jike hutaga mayai machache sana, kwa hiyo kuziba tundu moja ni kufunga wodi nzima. Tumekata miti mikavu kwa kuni, tumeng'oa mianzi, tumeweka nondo na mabati, kisha tunalalamika pasheni ni tupu. Mimi nilimwambia fundi aache. Boriti haijaanguka.

Huko Brazili, nyuki hao walikopungua mashambani, watu huchavusha kwa vidole, mchana kutwa, ua kwa ua. Nyumbani unaweza: subiri vichwa viiname, gusa vifuko vya mche wa kwanza kwa kidole, nenda kapake vichwa vyote vitatu kwenye ua la mche wa pili. Siyo mvua ikinyesha, kwa sababu chavua ikilowa hupasuka. Nilifanya hivyo wiki mbili, miche miwili ya mbegu alizonipa yule bibi ilipokwisha kukua, nikapata matunda. Na kiuno kikanikumbusha thamani ya nyuki.

Mengine ni mepesi. Usichume, pasheni iliyoiva huanguka yenyewe, iokote. Ikinyauka ganda, ndipo utamu ulipo. Mbichi ya kijani usiile, ina sumu. Majani yakijikunja na tunda likiwa gumu kama mbao, ni virusi wanaosambazwa na vidukari na kisu chako cha kupogolea: ng'oa mche, choma. Hata ukiutunza, baada ya miaka michache huchoka, basi uwe na mrithi kitaluni.

Juisi: zungusha kwenye blenda sekunde chache tu, mbegu zikisagika inakuwa chungu na kujaa vumbi jeusi, kisha chuja. Keki: badili maziwa kwa juisi iliyochujwa, usivichanganye, maziwa yatakatika, mwisho mwagia juu sukari ya unga iliyokorogwa na juisi na mbegu kidogo. Barafu za watoto. Achari ya samaki. Juu ya papai. Nyeupe ya ndani ya ganda ichemshe, inagandisha jamu, badala ya kutupa magunia ya maganda yanayoziba mitaro nyuma ya vibanda vya juisi. Yanayobaki, shinani.