Kinga Dhidi ya Maji Ndiyo Msingi wa Ubao Mpya wa Mlango wa Lori

Mmiliki wa lori la zamani anaweza kujitengenezea ubao wa ndani wa mlango kwa gharama nafuu, iwapo atazingatia chanzo cha uharibifu. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo na kuingia ndani ya mlango; nailoni ya kinga ikichanika, ubao hulowa na kuvimba.

Ubao wa zamani hutumika kama kipimo cha kukatia plaiwudi ya milimita 3. Sponji nyembamba hubandikwa kwanza, kisha ngozi bandia huvutwa na kukunjwa nyuma. Gundi ipakwe penye hewa ya kutosha, mbali na moto.

Kabla ya kufunga ubao, nailoni mpya ibandikwe na matundu ya kutolea maji yazibuliwe. Vinginevyo kazi yote itaharibiwa na mvua za masika.