Gari Limeongezwa Nguvu, Sasa Halitaki Kuwaka: Tuanzie Wapi?



Kikundi kikiwa na pikapu, hiyo ni kama shamba la pamoja: kila mwanachama anatazamia mavuno. Hapa Kibugu asubuhi moja ikipotea, maziwa yanaharibika, ndizi hazifiki soko la Embu, na wale waliotoa akiba yao wanaanza kuulizana maswali. Leo tungependa tuzungumze juu ya shida moja inayomaliza pesa za vikundi: gari lilikuwa likiwaka vizuri, likapelekwa kwa fundi kuongezwa nguvu, na tangu siku hiyo ni kusukuma tu.

Hamu ya nguvu tunaielewa. Barabara zetu ni za kupanda na kushuka, na njia ya Meru kwenda Nairobi inajulikana kwa pikapu za miraa zinazokimbizwa ili mzigo ufike kabla haujanyauka. Tena Peugeot 504, ambayo iliunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi, ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Lakini gari la mashindano lina mafundi wake wanaolifuata nyuma. Letu linafuatwa na mama mwenye mikungu ya ndizi.

Kanuni ya kwanza: anza na kilichoguswa mwisho

Mara nyingi fundi husema, "Leteni betri mpya." Ikishindikana, "Leteni stata." Huko ni kubahatisha kwa pesa za watu. Kwanza ulizeni: ni nini kilibadilishwa? Kabureta kubwa? Hedi ilikwanguliwa? Kamshafti ya mbio? Pointi zilitolewa, ukawekwa mfumo wa elektroniki? Taimingi ilisogezwa? Halafu fuateni hatua hizi moja moja, bila kuruka.

Hatua ya 1: Je, injini inazunguka?

Pimeni betri gari likiwa limepumzika. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki kama nusu. Mtu apige stata mkiendelea kupima. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri ni dhaifu au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Kama betri ni nzima na injini bado ni nzito, angalieni waya mnene unaounga injini na bodi. Injini ikifunguliwa, waya huu husahaulika, au hufungwa juu ya rangi na kutu. Kuusafisha ni kazi ya msasa na spana tu.

Sasa kuna jaribio moja zuri. Ikiwa stata inasita na kurusha nyuma kama punda aliyegoma, ondoeni waya mdogo unaopeleka umeme kwenye koili, mpige stata tena. Ikizunguka laini, basi taimingi imesogezwa mbele mno: cheche inakuja mapema na kuipiga pistoni ikiwa bado inapanda. Dawa ni kurekebisha taimingi, si kununua stata. Ikibaki nzito vilevile, tafuteni kwenye betri, waya na stata. Mkumbuke pia kwamba hedi iliyokwanguliwa inakandamiza zaidi, na stata ya zamani inaweza kulemewa, hasa injini ikiwa moto.

Hatua ya 2: Je, kuna cheche?

Chukueni plagi ya akiba, muivalishe waya wa plagi moja, mwili wake wa chuma ugusane imara na injini, mbali na petroli. Plagi za injini zibaki mahali pake. Mtu apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na yenye nguvu. Msishike waya kwa mkono, na kwa mfumo wa elektroniki msiache waya wa plagi ukining'inia, kwa maana kifaa kinaweza kuungua.

Kuna alama moja ambayo huwachanganya wengi: gari linashika mkipiga stata, lakini mkiachilia ufunguo linazima papo hapo. Mara nyingi hapo koili inapata umeme wakati wa stata tu. Fuateni waya ule mwingine unaotoka kwenye swichi, pamoja na kizuizi chake cha umeme kama kipo. Ukibadilisha pointi na kuweka elektroniki bila koili inayolingana, shida kama hizi ni za kutarajiwa.

Hatua ya 3: Je, mafuta na hewa ni sawa?

Toeni plagi mziangalie. Nyeusi na zenye unyevu wa petroli maana yake injini inazama kwa mafuta. Kavu kabisa maana yake mafuta hayafiki. Kibugu tuko juu, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kabureta kubwa yenye jeti za kumimina petroli nyingi haiwezi kupata hewa ya kutosha. Angalieni pia choki. Fundi akiiondoa ili kabureta kubwa iingie, msishangae gari likigoma asubuhi ya baridi ya Julai.

Hatua ya 4: Je, kila kitu kinakuja kwa wakati wake?

Cheche ipo, mafuta yapo, na bado gari halishiki? Hakikisheni waya za plagi zimefuata mpango. Kwa injini nyingi za silinda nne, pamoja na ya 504, ni 1-3-4-2. Kisha fundi ahakikishe alama za cheni au mkanda wa kamshafti, na apime mkandamizo wa kila silinda. Kamshafti ya mbio hufanya injini ipumue vibaya ikizunguka polepole, yaani wakati uleule wa kuwasha.

Dizeli haina plagi za cheche. Pampu ikifunguliwa, toeni hewa kwenye mabomba ya mafuta na mpime plagi za kupasha joto. Msinyunyizie petroli kwenye njia ya hewa. Injini inaweza kupasuka.

Tahadhari

Gari liwe nyutro, breki ya mkono imevutwa. Hakuna sigara. Msimwage petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mtu anapiga stata. Watu wameungua namna hiyo. Msipige stata zaidi ya sekunde 10, kisha mpumzishe dakika moja.

Kamati ifanye nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kazi, fundi aandike atakachobadilisha na bei. Spea za zamani zirudishwe kwa kikundi, maana huenda jibu likawa ni kuzirudisha zilikotoka. Injini nzima ikibadilishwa, mamlaka ya NTSA iarifiwe, na bima pia. Na kabla ya kutoa shilingi hata moja ya nguvu, ulizeni kama breki na matairi yako tayari kwa nguvu hiyo.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Pikapu yetu inahitaji nguvu zaidi, au inahitaji kupunguziwa mzigo na kufanyiwa sevisi kwa wakati?
2. Nani anaweka daftari ya matengenezo, na ni nani mwingine ameisoma mwezi huu?
3. Gari likigoma kesho asubuhi, ni nani kati yetu anayejua kupima betri?