Kufundisha Juu ya Viumbe wa Pekee wa Tanzania

Mwulize mtoto wa Darasa la Tano wa Temeke au Kinondoni amtaje mnyama apatikanaye Tanzania peke yake. Aghalabu atajibu upesi: tembo, simba au twiga. Jibu hilo si sahihi, kwani wanyama hao wamo pia Kenya, Zambia na kwingineko. Mtoto amezoea kusikia kwamba wao ni fahari ya nchi, akadhani fahari na upekee ni jambo moja. Makala haya yanaeleza namna ya kuisahihisha dhana hiyo katika somo la Sayansi.

Maana

Kiumbe wa pekee ni yule ambaye kwa asili huishi mahali pamoja tu duniani, pawe kisiwa, mlima au nchi. Asichanganywe na kiumbe adimu. Kiumbe adimu aweza kuwamo katika nchi nyingi, na kote akawa haba. Kiumbe wa pekee aweza kuwa mwingi kwao, lakini nje ya kwao hayupo.

Hatua ya Kwanza: Uwanja wa Shule

Anza na vile ambavyo watoto huviona kila siku. Watoe nje wataje miti na ndege waliopo, kisha waeleze asili yao. Mwembe asili yake ni Asia, na mkorosho ni Brazili. Kunguru mwenye shingo ya kijivu, mwizi wa vitumbua vyao, aliletwa Zanzibar kutoka Asia katika miaka ya 1890. Mkrismasi uwapao kivuli umepandwa katika nchi nyingi, lakini porini asili yake ni Madagaska tu. Hapo watatambua kwamba kuonekana mahali si sawa na kuwa mwenyeji wa mahali hapo.

Hatua ya Pili: Makundi Matatu

Chora safu tatu ubaoni: wageni, wenyeji walioenea, na wenyeji wa pekee. Kunguru na mkorosho wataingia safu ya kwanza. Tembo na mbuyu safu ya pili. Katika safu ya tatu mwalimu awasaidie: popo mkubwa wa Pemba, aishiye kisiwani humo tu, na kipunji, nyani mdogo wa misitu ya Rungwe na Udzungwa, ambaye wenyeji walimjua kwa jina hilo kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2005.

Hatua ya Tatu: Kisa cha Chura wa Kihansi

Kisa hiki ndicho kiini cha somo, basi kipewe muda. Chura huyu, asiyefikia urefu wa sentimita 3, huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Makao yake yalikuwa hekta chache tu zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Alipogunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha anza. Maji mengi yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Vinyunyizio viliwekwa bondeni, lakini mwaka 2003 idadi ya waliobaki iliporomoka, na ugonjwa wa kuvu ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena. Kizazi cha wale waliotunzwa kilirudishwa mwaka 2010, kikalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na tangu mwaka 2012 baadhi yao wamekuwa wakirejeshwa Kihansi.

Waelekeze watoto kwenye taa ya darasa, kama ipo. Umeme wa Kihansi, megawati 180, huingia katika gridi ya taifa, ile ile iletayo umeme Dar es Salaam. Waulize: je, bwawa lisingejengwa? Usiwape jibu. Waache wajadiliane, maana umeme ni haja ya kweli, na chura naye hakuwa na kwao pengine.

Tahadhari

Mwalimu asigeuze somo kuwa orodha ya majina ya kukaririwa. Mtoto akitaja viumbe kumi bila kueleza kwa nini kupotea kwa mmoja Kihansi ni kupotea duniani kote, somo halijafika.

Hitimisho

Katika kupima, rudia swali la mwanzo. Atakayejibu "tembo" aulizwe tena kwa upole: "Na Kenya je, hayupo?" Akisita na kufikiri, amekwisha anza kujifunza.