Mji Usiojua Kuhama

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Garissa, alinionyesha majuzi mchezo wa tarakilishi uitwao Banished, uliotoka mwaka wa 2014. Mchezaji hukabidhiwa familia chache, akiba haba ya chakula na kuni, na ardhi tupu. Hapo huanza kupiga hesabu: nani akate miti, nani alime, nyumba ngapi zisimame kabla ya majira ya baridi. Nilijenga upesi, watoto wakazaliwa wengi, ghala likakauka, watu wangu wakafa njaa. Mwanafunzi hakucheka. Aliuliza, "Mwalimu, mbona hawa hawawezi kuhama?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Wahamaji wamo mchezoni, naam, ila huja kubisha hodi mjini wakiomba kupokewa. Hawana elimu, na huenda wakaingiza maradhi. Basi hiyo ndiyo sura ya mhamaji anayokutana nayo kijana wa Garissa akikaa kucheza!

Sisi wanaisimu tuna mazoea ya kukimbilia maneno. Makazi yetu yametokana na kitenzi kaa: mwenye makazi ni aliyekaa. Kisomali kina neno reer, ambalo hutaja watu, jamaa moja, wala si mahali. Watu wakihama, reer nayo imehama.

Waama, Kaskazini Mashariki kuhama ndiko kupanga. Mvua za Gu zinyeshapo, yapata Aprili, mifugo hupelekwa kwenye madimbwi ya muda, ili nyasi zilizo karibu na visima vya kudumu zibakie kwa kiangazi cha Jilaal. Ngamia wasiokamwa huenda mbali zaidi. Wanaokamwa husalia karibu na watoto. Ghala la mfugaji ni nyasi ambazo hazijaliwa. Kisima kirefu kikichimbwa katikati ya malisho hayo ya akiba, watu hutua, maduka huota, na nyasi za pande zote huisha. Maji yameongezeka, akiba imetoweka. Mchezo ule hauna hesabu ya namna hiyo.

Mji usiojua kuhama tunao lakini, nao ni Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka wa 1991 na 1992 kwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 walikuwa wamepita 400,000, wengi wao watoto wa wafugaji, waliokatazwa kutoka bila kibali. Chakula kililetwa kwa malori. Maji yalivutwa kutoka chini ya ardhi. Kuni hazikuletwa za kutosha, basi wanawake walizifuata porini, kila mwaka mbali zaidi, na baadhi yao wakanajisiwa njiani. Hapo ndipo mizani ilipoelemea.

Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Siupingi, mtoto anahitaji shule na zahanati, na ukame huua hata wanaohama. Ila nauliza: katika ramani za miji hiyo, njia ya ngamia imechorwa wapi?

Mwanafunzi wangu sasa anataka kuandika tasnifu juu ya msamiati wa kuhama. Nimemwambia aanze na nyanya yake, ajuaye nyumba ya aqal hufumuliwa kwa utaratibu gani, na kila ufito hufungwa upande upi wa ngamia.