Useremala wa televisheni: Raha ya macho, na vumbi usiloliona

HUENDA jambo hili unalijua, msomaji. Umefika nyumbani Kahawa Sukari saa mbili usiku, msongamano wa magari wa barabara ya Thika umekumaliza nguvu, na watoto wamekwisha lala. Unafungua televisheni au simu yako. Badala ya habari au kandanda, unajikuta ukimtazama mzee wa Kimarekani akipiga randa ubao. Hagombani na mtu wala hana haraka. Baada ya nusu saa ule ubao umekuwa meza, nawe umetulia.

Wengi huona haya kusema kwamba wanapenda vipindi vya useremala, kwa kuwa wao ni makarani, walimu au wafanyabiashara ambao hawajawahi kushika msumeno. Hakuna haja ya kuona haya. Mapenzi hayo yana sababu, na yanaweza kuwa na manufaa kwa afya yako. Lakini yapo pia mambo ambayo kioo hakiwezi kukuletea sebuleni, na ni vizuri uyajue kabla hujanunua msumeno wa umeme na kugeuza banda la gari kuwa karakana.

MAFUNDI WAWILI

Kipindi mashuhuri cha aina hii ni The New Yankee Workshop, kilichotengenezwa na kituo cha WGBH cha Boston na kuonyeshwa na televisheni ya umma ya Marekani, PBS, tangu 1989 hadi 2009. Fundi wake alikuwa Norm Abram, seremala mwenye ndevu na shati la drafti. Karakana yake ilijaa mashine za umeme. Katika kila kipindi aliwakumbusha watazamaji habari ya usalama, na hasa kuvaa miwani ya kinga, kabla hajakata ubao wa kwanza.

Wa pili ni Roy Underhill wa The Woodwright's Shop, kipindi kilichoanza North Carolina mwaka 1979 na kuendelea hadi 2017. Yeye hakutumia umeme. Alifanya kazi kwa shoka, randa, patasi na mashine ya kukereza inayozungushwa kwa mguu. Kipindi chake kilirekodiwa mfululizo bila kukatwakatwa, kwa hiyo watazamaji walimwona akihema, akikosea, na mara nyingine akitokwa na damu kidoleni huku akiendelea kuzungumza.

Vipindi hivyo vimekwisha lakini bado vinatazamwa kwenye intaneti, na watu ambao wengine hawakuwa wamezaliwa vilipoanza.

KWA NINI VINATULIZA

Kumtazama fundi akifanya kazi hakukuanzia Marekani. Mgeni anayepita katika vichochoro vya Lamu husimama mbele ya mchongaji wa milango, akasahau alikokuwa akienda. Hata hapa kwetu, anayengoja matatu hupumzisha macho kwa fundi wa jua kali anayepiga msasa kitanda kando ya barabara.

Sababu ya kwanza ni kwamba kazi ya mbao ina mwanzo, katikati na mwisho. Kazi nyingi za mjini hazina mwisho: faili moja ikifungwa, nyingine hufunguliwa. Meza ikisimama kwa miguu minne, imekwisha.

Sababu ya pili ni mwendo wake. Randa huenda na kurudi kwa mdundo mmoja, na akili iliyokuwa ikirukaruka kutoka deni hadi karo ya shule hupata mahali pa kutua.

Sababu ya tatu ni kumbukumbu. Kama ulisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, utakumbuka somo la sanaa na ufundi na ule mwiko wa mbao ulioagizwa na mwalimu, hata kama mwishowe mama aliununua sokoni. Wengi waliacha kutumia mikono walipoingia ofisini, na mikono haisahau.

Madaktari waliutambua uwezo huu zamani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliojeruhiwa huko Uingereza na Marekani walifundishwa useremala na kazi nyingine za mikono, ili viungo vyao vipate nguvu na akili zao utulivu. Hivyo ndivyo tiba kwa njia ya kazi ilivyokua, na hapa Kenya wataalamu wake hufundishwa katika chuo cha KMTC.

Lakini usichanganye mambo. Aliyepata nafuu ni yule aliyeshika randa, si yule aliyetazama. Kutazama hupumzisha, na hapo ndipo faida yake inapoishia. Ukitazama vipindi vitano mfululizo hadi usiku wa manane, umejinyima usingizi, nao mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku. Kimoja kinatosha.

VUMBI HALIPITI KWENYE KIOO

Tuseme sasa umeshawishika. Jumamosi umenunua mbao, umeazima mashine ya msasa, na umeanza kutengeneza rafu ya vitabu. Jambo la kwanza utakalogundua ni vumbi.

Vumbi unaloliona sakafuni si baya sana. Ni zito, na likiingia puani hunaswa na kamasi likatoka. Baya ni lile jembamba linaloelea hewani saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Unywele wa binadamu una upana wa maikroni 70 hivi, yaani sehemu 70 za elfu moja za milimita. Chembe zilizo chini ya maikroni 10 huweza kupita pua na koo, na zilizo ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu. Mashine ya msasa ndiyo hodari kuliko zote kwa kutoa vumbi la namna hii. Randa ya mkono hutoa maranda makubwa yanayoanguka chini, na kwa hiyo njia ya Roy Underhill ni nafuu kwa mapafu.

Madhara yake yalijulikana vizuri katika mji wa High Wycombe, Uingereza, uliosifika kwa kutengeneza viti. Katika miaka ya 1960 madaktari wa eneo hilo waligundua kwamba aina fulani ya kansa ya ndani ya pua, ambayo kwa kawaida ni adimu sana, ilikuwa ikiwapata mafundi wa samani kupita watu wengine. Uchunguzi zaidi ulifanywa katika nchi nyingine, na mwaka 1995 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, IARC, likaliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha kansa kwa binadamu.

Usiogope ukaitupa randa yako. Kansa hiyo bado ni adimu, na huwapata zaidi watu waliovuta vumbi la mbao ngumu kila siku kwa miaka mingi. Maradhi yanayoonekana mara nyingi zaidi ni mafua yasiyokwisha, macho kuwasha, vipele vya ngozi, kikohozi na pumu.

Pumu ya kazini ina alama yake. Kifua hubana na kukohoa siku za kazi, mara nyingi usiku baada ya kazi, kisha mtu hupata nafuu Jumapili au akienda likizo mashambani. Ukiona mwendo huo, mwambie daktari unafanya kazi gani. Asipojua, atakutibu kikohozi nawe utarudi kwenye vumbi lile lile.

MBAO SI SAWA ZOTE

Mvule hutoa samani nzuri zinazodumu, lakini vumbi lake ni miongoni mwa yale yanayojulikana sana kwa kuwasha ngozi na kuamsha pumu.

Mbao za kiwandani kama MDF, zinazopendwa kwa makabati ya jikoni, ni unga wa mbao uliobanwa kwa gundi. Ukizikata hutoa vumbi jembamba mno, na gundi yake kwa kawaida huwa na formaldehaidi, kemikali ambayo IARC iliiweka katika kundi hilo hilo la kansa mwaka 2004. Zikatie nje, si chumbani.

Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi, zaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Vipande vyake usivitie jikoni kupikia wala kuchomea nyama, kwa kuwa moshi na majivu yake hubeba sumu hiyo. Maranda yake pia hayafai kutandikia kuku.

MACHO, MASIKIO NA VIDOLE

Msumeno wa umeme huweza kutoa kelele za desibeli 100 hivi. Wataalamu wengi hushauri kwamba kelele zinazofikia desibeli 85 kwa saa 8 zinahitaji kinga ya masikio, na kadiri zinavyozidi ndivyo muda salama unavyopungua. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayaponi. Nunua vizibo, na uvivae hata kwa kazi ya dakika tano.

Kibanzi kikiingia jichoni usisugue. Osha kwa maji safi mengi. Kikiwa kimechoma jicho, usikichomoe. Lifunike bila kulikandamiza, uende hospitali.

Kidole kikikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kipande kilichokatika kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, mkitie katika mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo muuweke juu ya barafu. Barafu isikiguse kipande chenyewe. Nendeni hospitali mara moja nacho. Hata kwa jeraha dogo, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

UKITAKA KUANZA

Anza kwa vifaa vya mkono: msumeno, randa, patasi na nyundo. Vina gharama ndogo, kelele chache na vumbi kidogo, na mwili wako utapata mazoezi.

Fanyia kazi mahali wazi, mbali na nguo zilizoanikwa na chumba cha watoto, hasa kama kuna mwenye pumu nyumbani.

Leso iliyofungwa usoni haizuii vumbi jembamba. Vaa barakoa ya N95 au FFP2 inayokaza pande zote.

Usifagie vumbi likiwa kavu. Nyunyiza maji kwanza, au tumia kitambaa chenye unyevu. Badilisha nguo kabla hujambeba mtoto.

Usishike mashine ukiwa umechoka au umekunywa pombe.

NA YULE FUNDI WA KANDO YA BARABARA?

Wewe utakuwa na vumbi hilo saa mbili kila Jumamosi. Yule aliyetengeneza kochi ulilokalia ukitazama Norm Abram yumo ndani yake kutwa, siku sita kwa wiki, mara nyingi bila chochote puani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kinga vinavyofaa. Vibanda vingi havina mwajiri wa namna hiyo. Yupo fundi na mwanagenzi wake, na hesabu yao ni ya chakula cha leo.

Kwa hiyo utakapokwenda kuagiza kitanda, usiishie kwenye kupunguza bei. Ukimwona kijana anapiga msasa huku akikohoa, mwambie fundi wake ulilosoma hapa. Paketi ya barakoa na miwani ya kinga hazifikii hata sehemu ndogo ya bei ya kitanda, na mteja akiziuliza, fundi huzitafuta.

Na usiku utakapomtazama tena yule mzee, angalia uso wake kabla hujaangalia mbao. Amevaa miwani. Hilo ndilo somo la kwanza alilotaka ulijue, nalo halihitaji ujuzi wowote wa useremala.