Meza za Mgahawa Zinapoingia Barabarani: Zijue Haki Zako

Mitaa ya mji wa Lushoto ni ya mlimani, na nafasi yake ni finyu. Humo hupita mabasi ya kwenda Mombo, bodaboda, wanafunzi na wakulima wanaopeleka kabichi na matunda sokoni. Mgahawa unapotoa meza nje, mteja hufurahia jua na hewa safi, nasi hatuoni ubaya katika hilo. Hata hivyo, mlaji anapaswa kujua kwamba nafasi anayoketi huenda si mali ya mgahawa.

Nafasi hiyo ni ya nani?

Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, anayetaka kutumia hifadhi ya barabara kwa shughuli zake hana budi kupata kwanza ruhusa ya mamlaka inayoisimamia. Barabara kuu na za mikoa zimo mikononi mwa TANROADS. Barabara za wilaya na mitaa ya miji zimo mikononi mwa TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Leseni ya biashara humruhusu mwenye mgahawa kuuza chakula; haimpi barabara. Na ruhusa ikitolewa, ni ya kutumia, si ya kumiliki. Katika bustani ya Forodhani, Unguja, wauza vyakula hupanga meza zao jioni na kuziondoa usiku, na bustani hubaki kuwa ya watu wote.

Nani huumia?

Meza moja iliyovuka mpaka humlazimisha mama mwenye mzigo kichwani kushuka kwenye njia ya magari. Anayetumia kiti cha magurudumu hukosa kabisa pa kupita, ilhali Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya kuyafikia maeneo ya umma. Mbao zinazofunika mtaro nazo huzuia usafi wake, na masika inapofika maji ya mlimani hufurika barabarani.

Haki zako uketipo nje

• Bei iwe ile iliyoonyeshwa. Iwapo meza ya nje ina malipo ya ziada, uelezwe kabla ya kuagiza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, tunayoisimamia, inakataza kumpotosha mlaji.
• Chakula kifunikwe dhidi ya vumbi na moshi wa magari, na maji safi ya kunawa yawepo.
• Upewe risiti halali yenye kiasi ulicholipa.

Ukikutana na tatizo

Anza kwa kuzungumza na mwenye mgahawa kwa staha. Mara nyingi kusogeza meza hatua mbili kunatosha. Asipokusikiliza, andika tarehe, mahali na jambo lililotokea, kisha uitunze risiti. Kuhusu njia iliyozibwa, nenda kwa mtendaji wa kata au ofisi ya TARURA ya wilaya. Kuhusu usafi, mwone afisa afya wa halmashauri. Kuhusu bei ya udanganyifu, lete malalamiko kwetu.

Tunawakumbusha pia wateja: kabla ya kuvuta kiti, tazama nyuma yako. Ikiwa mpita njia hana pa kukanyaga, omba meza nyingine. Kesho huenda mpita njia huyo akawa wewe.