Mtambo Unaotoboa Milima

Mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu alishikilia kwamba mtambo wa kuchimba mahandaki ni keekee kubwa tu ya seremala. Tulibishana mpaka kengele ikalia. Hebu nieleze kwa nini sivyo.

Keekee hukwangua. Ukiukwangua mwamba wa graniti namna hiyo, meno yataisha kabla ya chai ya saa nne! Mtambo huu hugandamiza. Kichwa chake ni duara la chuma lenye upana wa handaki lenyewe, na usoni pake mna visahani vya chuma kigumu, vyenye upana wa sentimita 43 hivi. Kichwa kikizunguka, kila kisahani hubingirika kama tairi katika mstari wake, kikisukumwa kwa nguvu ya tani 25 hivi. Mwamba chini yake husagika, na nyufa hutambaa pembeni hadi zikutane na za kisahani jirani. Hapo kipande hubanduka. Wavunja mawe wetu wa machimboni wanaijua siri hiyo: hupiga patasi kwa mstari mmoja, jiwe likapasuka lenyewe.

Nguvu ya kusukuma nayo? Mikono ya chuma hubana kuta za handaki, kisha jeki husukuma kichwa mbele. Halafu mikono huachia, huvutwa mbele, na kubana tena. Mtambo hutembea kama kiwavi, basi! Vifusi hutoka nyuma kwa mkanda.

Tazama Gotthard, nchini Uswisi. Handaki la kwanza la reli, kilomita 15, lilichimbwa kwa baruti kati ya 1872 na 1882, na watu karibu 200 walikufa. Handaki jipya lina kilomita 57, na lilifunguliwa 2016. Mitambo minne, kila mmoja ukiwa na urefu wa zaidi ya mita 400, ilichimba sehemu kubwa yake. Walikufa watu 9. (Hao 9 nao walikuwa na jamaa zao.) Si mtambo peke yake uliopunguza vifo, lakini kufanya kazi nyuma ya ngao ya chuma si sawa na kusimama mbele ya baruti.

Hata hivyo, joto la mwamba huko ndani lilifika nyuzi 45, ikabidi hewa ipozwe. Tena visahani huisha. Kimoja kina uzito wa zaidi ya kilo 100, na kikiisha mtambo husimamishwa, mafundi wakaingia kule mbele kukibadilisha.